Sukari ya Kushoto

1

Mwanangu aliongezeka gramu mia nne, na hapo nikajua nimekwisha.

Nesi Fidea aliigonga mizani kwa ukucha. Akamtoa Mwanahawa kwenye ile suruali ya turubai inayoning'inia, akaitikisa, akamrudisha. Mshale ukasimama palepale. Nyuma yangu foleni ya akina mama ilifika hadi nje ya uzio wa zahanati, kila mmoja na mtoto begani, na watoto wale hawakulia. Hilo ndilo lililokuwa linanitisha siku zile, mtoto kutundikwa kwenye mizani asilie. Mwanahawa wangu, miaka minne, alipiga kelele mpaka Nesi akaziba sikio.

"Mama Mwanahawa, hebu sogea uone."

"Naona, Nesi."

"Tangu jana nimepima watoto mia mbili na kumi. Wote wameshuka. Wote! Huyu wako kapanda. Unampa nini?"

Nilikuwa na muda mrefu wa kujiandaa kwa swali hilo, wiki nne nzima, na bado lilinikuta mikono mitupu. Nikasema neno lililokuwa karibu na ulimi.

"Maji. Nachemsha maji sana."

Nesi Fidea ni mwanamke wa Ndanda, mcha Mungu, asiyejua kumdhania mtu vibaya. Kwa mwezi mzima alikuwa akiamini kwamba watu wanaharisha na kukonda kwa sababu ya maji ya kisima. Nilipolitaja neno hilo uso wake ulifunguka. Alinishika mkono, akauinua kama refa anavyouinua wa bondia aliyeshinda, akawageukia wenzangu.

"Mmesikia? Fundi Somoe anachemsha maji. Na mtoto huyu hapa, mtazameni mashavu! Kuanzia leo kila mtu afanye anavyofanya Mama Mwanahawa. Mwende kwake awafundishe."

Wakapiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele vyembamba vya watu wasio na pumzi, lakini walivipiga, kwa ajili yangu. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaondoka bila kumtazama mtu machoni.

2

Ngoja niseme mambo yalivyokuwa, maana nikiruka hapa nitaonekana mchawi, na mimi si mchawi. Ningekuwa mchawi ningekuwa na dawa.

Ukungu mweupe ulipoua mahindi, mpunga, mtama na mihogo, sisi wa Nambengo tulibaki hai kwa sababu moja tu: tulikuwa juu ya gesi. Wengine waliokuwa na ardhi nzuri walihama au walikufa. Sisi wa mchanga mbaya tulikuwa na kisima cha gesi namba nne, kilichochimbwa na watu waliokwishaondoka, na tulikuwa na Fundi Selenge. Yeye ndiye aliyesema kwamba gesi ile ya kupikia na sukari ni ndugu, zote ni kaboni na haidrojeni, sukari imeongezewa oksijeni tu, iliyobaki ni mpangilio. Watu walimcheka. Miaka miwili baadaye wakawa wanakula alichokipanga.

Kazi ilikwenda hivi. Gesi ilipitishwa juu ya shaba ya moto ikawa spiriti, ile inayopofusha macho. Spiriti ilipitishwa juu ya fedha ikawa formalini, ile ya kuhifadhia maiti. Formalini ikamwagwa ndani ya mtungi wenye chokaa na maji ya vuguvugu, na humo ndani chembe zake zikaanza kushikana, mbili, tatu, mpaka sita, na sita zikishikana ni sukari. Tulikuwa na mitungi saba ya chuma, mirefu kuliko nyumba. Watu elfu nne walikula kutoka humo kwa miaka tisa, pamoja na nusu kikombe cha kunde kwa siku, maana kunde hazikuguswa na ukungu.

Lakini sukari ina mkono, kama kiatu kilivyo na mguu. Ipo ya kulia na ipo ya kushoto. Zina kila kitu sawa, uzito sawa, rangi sawa, ila moja ni kama nyingine ikijitazama kwenye kioo. Mwili wa binadamu umeumbwa kwa ya kulia peke yake. Ya kushoto inaingia mdomoni, inashuka tumboni, inakosa mlango wa kuingilia, inatoka nyuma na maji. Unaweza kula gunia zima ukafa kwa njaa.

Ukiacha formalini ijishike yenyewe, haina habari na kulia wala kushoto. Ndiyo maana Selenge alikuwa na mama. Mama ilikuwa ndoo ya sukari nzito ya mtungi wa jana, iliyomwagwa kwenye mtungi wa leo ili kuufundisha mkono. Mtungi ukipewa mama ya kulia, wote unakwenda kulia. Kila mama ilizaliwa na mama ya siku iliyotangulia, kurudi nyuma hadi kilo kumi na mbili za sukari ya miwa ambazo Selenge alizificha chini ya kitanda wakati dunia inaharibika.

Mwanzoni alipima kila mtungi kwa kioo. Alibandua karatasi laini zilizo ndani ya vioo vya simu mbovu, mbili, akazipishanisha mpaka giza, kisha akaweka chupa ya sukari katikati na mwanga nyuma, mwanga ukapenya. Ukiizungusha ya juu kuelekea kulia mpaka giza lirudi, sukari ni ya kulia. Miaka ikapita, mitungi haikukosea hata mara moja, vile vioo vikaingia sandukuni. Ikabaki desturi tu: kila asubuhi mwonjaji anapanda ngazi, anachota kwa kijiko, anaonja, anainua mkono, na wanawake walio chini wanapiga vigelegele. Mwonjaji nilikuwa mimi. Nilijisikia sana, sitaficha. Sikuwahi kujiuliza ulimi unajua nini.

Selenge alikufa siku ya Alhamisi. Hakuwa na mke wala mtoto, mtambo ndio uliokuwa nyumba yake. Na kwetu nyumba ya marehemu haiwashwi moto siku tatu za matanga. Chakula kinapikwa kwa jirani. Wafanyakazi wakaja kwangu, macho mekundu, wakasema mioto ya mitungi izimwe. Nilikuwa naibu wake. Nilijua mama inahitaji joto. Lakini nilimpenda mzee yule kama baba, na kusema hapana ilikuwa kama kumtukana mbele ya watu. Nikasema izimwe.

Siku ya tatu nilipofungua mitungi, mama ilikuwa lami nyeusi katika yote saba.

Sikumwambia mtu, na kuchota mama ghalani kungenifichua. Nilisafisha mtungi wa kwanza, nikaweka chokaa, nikamwaga formalini bila mama, nikakaa naomba. Kwa saa tisa mtungi ulikaa kimya. Saa ya kumi ukaanza kuchemka wenyewe. Asubuhi nilipanda ngazi, nikaonja, ikawa tamu, tamu ile ile. Nililia kwa furaha na kuinua mkono. Kutoka huo nikaichota mama ya ile mingine sita.

Ghalani tulikuwa na akiba ya Selenge ya wiki mbili. Ilipoisha, watu wakaanza kuharisha. Wiki ya tatu nilivitoa vile vioo sandukuni, nikavipangusa kwa upindo wa kanga. Nilizungusha kuelekea kulia, mwanga ukazidi. Nikazungusha kushoto, giza likaja. Nilirudia mara kumi na moja.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Siku ya kuondoa tanga, kwa kuwa Selenge hakuwa na mtoto, wazee walinipa mimi kindoo cha sukari yake, ile ya mtungi wake wa mwisho. Kilo kumi na mbili. Kiasi kile kile alichoanzia. Ningepeleka kindoo kile mtamboni jioni ile ya vioo, tungeanza upya. Ingekuwa siku arobaini za njaa kali mpaka mitungi yote iwe safi, lakini watu walikuwa bado na nyama mwilini.

Jioni ile Mwanahawa alikuwa ameharisha mara sita. Alikuwa amelala kwenye mkeka hajifuniki, anatazama ukuta. Nikakoroga vijiko vinne vikubwa katika maji, nikamnywesha. Nikasema kesho nitapeleka kilichobaki. Na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Mimi mwenyewe sikuilamba hata kidole, kama hilo lina maana kwa mtu yeyote.

3

Walikuja asubuhi iliyofuata siku ile ya mizani, wanawake kama thelathini, kila mmoja na sufuria lake, wakakaa uani kwangu kujifunza kuchemsha maji.

Unafundishaje mtu mzima kuchemsha maji? Niliwasha mafiga matatu. Nikaongea upuuzi. Niliwaambia wafunike, wahesabu mpaka mia tatu tangu povu la kwanza, wasichote kwa kikombe kilichoshikwa na mkono mchafu. Waliyashika maneno yangu kama wanafunzi wa chuo. Mmoja alirudia kwa sauti ili asisahau. Kisha wakatia sukari ya mgawo humo, ya kushoto, vijiko vitatu vitatu, wakawapa watoto. Watoto wakanywa, wakalamba midomo.

Mbele kabisa alikaa Mkejina na binti yake Tausi. Mkejina ni shoga yangu tangu utoto, na ndiye mtunza sanda wa Nambengo: bafta nyeupe, pamba tupu, ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa kabatini kwake, amekwishaikata kwa saizi, imekunjwa na karafuu maiti. Tausi na Mwanahawa walicheza mdako pamoja tangu wajue kukaa. Sasa Mwanahawa alikuwa amemletea vijiwe, anavirusha mwenyewe mbele yake, na Tausi anavifuata kwa macho bila kunyoosha mkono.

"Shoga, hebu nishike mkono," Mkejina alisema. "Nionyeshe kwa vidole povu linakuwaje. Mimi nadhani naepua mapema."

"Huepui mapema, Mkejina."

"Naepua. Wewe hujui tu, mimi tangu zamani nina haraka. Nionyeshe."

Nikamshika mkono juu ya mvuke. Vidole vyake vilikuwa mifupa na pete inayozunguka. Ndani, hatua sita kutoka tulipokaa, kindoo kilikuwa chini ya kitanda kimefunikwa kwa kanga ya kuogea. Ningeweza kusimama nikakitoa. Niliwaza hivyo, nikaendelea kumshika mkono.

Tausi alifariki siku ya tatu yake, saa tisa alasiri. Nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kuliko ndoo ya plastiki. Wanawake walipotaka kumkatia sanda, Mkejina alisema apishwe, atamkatia mwenyewe, hakuna anayemjua urefu kama yeye. Alikata bila kupima. Alipomaliza kumfunga, aliniita pembeni, karibu na beseni la maji yaliyobaki.

"Somoe, niambie kweli, usinionee haya. Nilihesabu mpaka mia mbili na themanini siku ile, nikadhani inatosha. Zile ishirini ndizo zilizomuua?"

Nilimwacha pale kwenye beseni. Nikaenda zahanati moja kwa moja, bado nina maji ya maiti kwenye mikono.

4

Nesi Fidea alimwita Mwenyekiti Nangomwa, akafunga mlango wa chumba cha sindano. Nikawaambia yote. Niliweka chupa na vile vioo juu ya meza, nikawaonyesha upande wa giza. Mwenyekiti alizungusha mwenyewe mara tatu, yule mzee mwenye kidole kimoja kilichokatwa na mashine ya korosho, akavirudisha mezani polepole.

"Kumi na tisa tumewazika," alisema. "Kumi na tisa, binti yangu."

"Najua, Mwenyekiti."

"Hujui. Ungejua usingekaa wiki nne."

Nesi hakunitukana. Alikuwa anaitazama kadi ya Mwanahawa, ile aliyoichora mstari unaopanda kwa kalamu ya kijani, na machozi yakidondokea kadi. "Nilikunyanyua mkono mbele ya watu," alisema. "Nikawatuma kwako."

"Kimebaki kiasi gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kilo sita."

"Nipeni mimi," Nesi alisema haraka. "Nina watoto thelathini ambao hawamalizi wiki. Kilo sita, nikiwapimia kidogo kidogo, ni siku nne."

"Na siku ya tano, Nesi?" Mwenyekiti akasema.

Nesi alifuta kadi kwa kiganja, wino ukasambaa.

Nikaeleza. Mtungi unataka kilo kumi na mbili za mama. Chini ya hapo ni kurusha shilingi, unaweza kwenda kulia, unaweza kwenda kushoto tena. Mtungi haujazwi nusu, kwa sababu mvuke wa formalini ukipata nafasi juu yake unashika moto. Na ukishika mkono wa kulia, huruhusiwi kuula. Wote unakuwa mama ya wa pili, na wa tatu, mpaka saba, maana kuta zake zina masalia ya kushoto na mama kidogo itashindwa. Siku arobaini kabla ya mtu kutia kijiko mdomoni.

"Hiyo sita iliyopungua, tunaipata wapi?"

Nilikuwa nimekwishajaribu, kwa siri, katika zile wiki nilizojidanganya kwamba natafuta njia nyingine. Pamba yote ni sukari ya kulia iliyoshikana mnyororo mrefu. Ukiitia asidi ya betri na moto, minyororo inakatika. Nilichemsha kanga zangu mbili. Rangi zake zikaivuruga chokaa, kila kitu kikaganda. Nilichemsha magome ya mikorosho, nikapata lami. Inatakiwa pamba nyeupe, isiyotiwa chochote, kilo kumi na mbili ili tupate sita.

Tulitazamana. Hapakuwa na haja ya mtu kuitaja.

"Kabati la Mkejina," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Na hao watakaokufa ndani ya siku arobaini? Maana watakufa, Fidea, usinitazame hivyo. Tuwafukie na nini?"

"Majani," alisema Nesi. "Tuwafukie na majani."

Mwenyekiti akatoa hukumu yake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya hekima au ya woga. Watu wasiambiwe. Waambiwe mitungi inasafishwa kwa sababu ya maji. Wakiambiwa kweli, wataniua mimi, hilo dogo, lakini pia wataivunja mitungi, na hakuna atakayechota chokaa siku arobaini akijua anamchotea nani. Mimi nitaendelea kupanda ngazi kila asubuhi na kuinua mkono, kama desturi.

"Na Mkejina?" niliuliza.

"Mkejina tumwambie tunahitaji bafta kwa bandeji."

"Hapana. Mkejina nitamwambia mimi."

"Atakumaliza."

"Basi," nilisema. Kweli kabisa, wakati ule nilitamani.

5

Kesho yake asubuhi nilimkuta ndani kwake, peke yake, wageni wa msiba wamekwenda kuteka maji. Alikuwa ameketi mbele ya kabati, mlango wazi, anahesabu sanda zilizobaki kwa kuzigusa pembe. Chumba kilinuka karafuu maiti. Vijiwe vya mdako vilikuwa dirishani.

Nilipiga magoti, nikamwambia. Nilianza na kindoo, sikuanza na mitungi, kwa sababu mitungi ilikuwa bahati mbaya na kindoo kilikuwa mimi. Nilimwambia vijiko vinne vikubwa, asubuhi na jioni. Nilimwambia hatua sita. Nilimwambia kwamba mia mbili na themanini au mia tatu ni sawa tu, maji yake hayakuwa na kosa lolote, hakuepua mapema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri kofi. Alichofanya ni kuvuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, Mkejina."

"Siku mbili hizi nimehesabu mpaka mia tatu kichwani kila nikifumba macho." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwanahawa alikuwa anakuja hapa, anatoka kunywa, mdomo bado unanata. Tausi alikuwa anamlamba vidole wakicheka. Nilidhani michezo ya kitoto."

Sikuweza kuvumilia, nilijifunika uso. Alisubiri nimalize. Hakunibembeleza wala hakunifukuza.

"Unataka nini? Hukuja kutubu tu. Nakujua."

Nikamwambia ninachotaka. Aliinuka, akaanza kuzitoa, moja moja, akaziweka mapajani mwangu, akitaja aliyemkadiria. Hii ilikuwa ya mzee Chitanda. Hii ya wajawazito, ina upana. Hizi mbili za watu wazima, yeyote atakayetangulia. Mbili hizi za mwisho alizikata kwa ajili yake na mama yake. Zikawa kumi na mbili, na kabatini ikabaki moja ndogo.

"Na hiyo?" niliuliza, kwa kuwa hesabu ilikuwa imenikaa kichwani, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu hata pasipostahili. "Kila gramu, Mkejina."

Akaitoa, akaikunjua, akaishika kwa ncha mbili. Ilikuwa na urefu wa mtoto wa miaka minne.

"Kindoo kinaingia mtungini leo, si ndivyo?"

"Leo."

"Na siku arobaini hakuna sukari ya kulia kwa mtu yeyote."

"Hakuna."

"Na sukari ikipatikana, wataanza kupewa walio hoi. Wako mwenye mashavu atakuwa wa mwisho kwenye foleni. Ndiyo haki, au siyo?"

"Ndiyo haki."

"Basi hii siitoi." Aliikunja tena, akatia kipande cha karafuu maiti katikati, akairudisha kabatini peke yake. "Hii namwekea Mwanahawa. Simlaani, Somoe. Nilimpenda yule mtoto, bado nampenda. Sitaki aje azikwe kwa majani kwa ajili ya makosa yako."

Akafunga mlango wa kabati, akakaa chini kuwasubiri wageni wake.

6

Tulizifua sanda mara nne kutoa harufu. Nesi Fidea alizichana vipande, mimi nikazilainisha katika asidi ya betri mpaka zikawa uji, tukauchemsha, tukautuliza kwa chokaa, tukachuja. Bafta ya watu kumi na wawili ilitupa kilo tano na nusu za maji matamu ya rangi ya chai hafifu. Nilivipanga vioo. Giza lilikuja upande wa kulia, zuri kabisa. Nesi alifanya ishara ya msalaba.

Kumi na moja na nusu. Daftari la Selenge linasema kumi na mbili, na amelipigia mstari.

Nilimwaga yote alasiri ile katika mtungi wa kwanza, kindoo kikiwa cha mwisho. Nilikigonga tako mpaka chembe za pembeni zikadondoka. Chini, wafanyakazi walikuwa wanakwangua lami wakiimba kwa sauti ndogo, wakiamini wanapambana na maji machafu. Mkono wa mtungi hauaminiki mpaka siku tatu zipite. Nimebaki na vioo viwili na chupa tupu, na siku tatu.

Nyumbani Mwanahawa alikuja mbio mlangoni, mnene, miguu inapiga sakafu. Alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, akainua ile kanga ya kuogea, akapapasa.

"Mama, kindoo kiko wapi?"

"Nimekiazima, mwanangu."

"Nataka sukari."

Nilimpa kunde zangu, akazila zote, akasema anataka sukari. Akaanza kulia, kile kilio chake kikubwa cha mtoto mwenye nguvu, na majirani wote wa Nambengo walio kimya walikuwa wanakisikia. Nilivumilia nilivyoweza. Kisha nikachota kijiko kimoja kutoka mgawo wa dirishani, ile ya kushoto, kimoja tu, ili anyamaze.

Alinyamaza. Alikizungusha mdomoni macho yamefumba, akamaliza, akalamba na mpini.

"Ile ile," alisema, akanyoosha mkono nimwongeze.